Anayeunguza betri kwenye kompyuta zisije kuungua barabarani

Saa mbili na robo asubuhi anaiunguza betri ya kwanza. Moshi hautoki. Kwenye kioo cha kompyuta, seli zake mia na kumi na mbili, vibetri vidogo vya ndani vilivyopangwa kama mayai kwenye trei vinageuka kutoka buluu kuwa njano, kisha katikati panaiva pekundu.

"Sabini na moja," anasema, bila kumtazama mtu.

Mwisho unaoruhusiwa ni nyuzi sitini za joto.

Wenzake humwita Mchoma Betri. Ana miaka thelathini na nne, mhandisi katika karakana ya pikipiki za umeme. Kazi yake ni kuiga betri kwenye kompyuta, pamoja na joto lake, mzigo wake na milima itakayopanda, ili kosa lionekane kabla chuma hakijakatwa. "Afadhali niunguze mia humu kuliko moja chini ya makalio ya mtu," anasema.

Leo hacheki. Uani zimepangwa pikipiki arobaini, na madereva wanakuja kuzichukua saa nane mchana. Betri zake aliziidhinisha yeye mwenyewe wiki iliyopita.

Kosa lilijitokeza jana, nyumbani wakila. Katika hesabu zake, betri ikitoka barabarani inapumzika nusu saa ndipo ichajiwe. Maabara hufanya hivyo. Mdogo wa mumewe, ambaye ana wiki tatu anaendesha pikipiki ya majaribio, aliposikia hilo alicheka hadi akapaliwa.

"Shemeji, betri ipumzike? Mimi mwenyewe sipumziki. Nikifika nachomeka, ya moto vilevile."

"Na wenzako?"

"Wote. Abiria atakungoja uipepee betri?"

Mhandisi hakumaliza chakula. Asubuhi hii ameifuta ile nusu saa kwenye hesabu.

Sasa meneja amesimama mlangoni. "Wiki iliyopita ulisema salama. Leo si salama. Nimwamini yupi?"

"Wa leo, bosi. Yule mwingine hakuwauliza madereva."

Meneja hataki picha za kompyuta, anataka kuona chuma. Pikipiki moja inapandishwa kwenye mashine ya majaribio, inakimbizwa dakika arobaini na mzigo wa kilo mia na hamsini. Ikisimama tu, fundi mkuu anachomeka chaji na kusoma kipimajoto kwa sauti.

Hamsini na tatu. Hamsini na saba. Karakana nzima imeacha kazi. Mkono wa mhandisi uko kwenye swichi.

"Sitini," anasema fundi. "Sitini na mbili. Dada, zima."

Chaji haijafika hata nusu.

Anazima. Hakuna anayempongeza, aliyekamatwa kosani ni yeye, na aliyekamata ni yeye. Meneja anatoka kuwapigia madereva simu wasije.

Mhandisi anaomba wiki sita: atenganishe seli zaidi, aweke bamba la kupoza joto, na chaja ikatae betri ya moto. Wiki ya kwanza hatagusa kompyuta. Ataketi na madereva.

"Nikiwa na kompyuta peke yangu inanijibu ninachopenda kusikia," anasema.

Pikipiki ya shemeji yake ameichukua pia. Kijana hamsemeshi.

"Betri ya moto haiungui kila siku," anasema. "Inangoja siku yake. Acha anune. Naomba anune mpaka azeeke."