Mwaka Mbu Walipopanda Mlimani

Kule Mahenge, alikozaliwa mama yangu, mwezi wa sita na wa saba watu huhamia jikoni. Ukungu hushuka mpaka kwenye mapaa, nguo hukaa kambani siku tatu bila kukauka, na wazee huenda misa ya asubuhi wamevaa makoti mawili. Sisi tuliokulia Ifakara tulikuwa tukipanda huko likizo na kutetemeka, na bibi alikuwa akitucheka. Alituita watoto wa joto. Yeye naye alikuogopa kwetu. Watu wa mlimani walioshuka bondeni kulima mpunga walirudi na homa, kwa hiyo bibi alishaamua kwamba homa ni kitu cha bondeni, kama viboko na mamba, na kwamba haijui kupanda mlima.

Ilikuwa miaka ya tisini mwanzoni. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, najifunza ushonaji kwa fundi mmoja pale Ifakara. Mwezi wa sita uliingia na baridi haikuja. Abiria walioshuka na malori kutoka Mahenge walisema masweta bado yako sandukuni, asubuhi jua linawaka kama la kwetu, na jioni kuna wadudu wanaoimba masikioni. Mama aliposikia hivyo hakusubiri. Alikwenda sokoni akanunua chandarua cheupe, akakifunga kwenye kanga pamoja na sabuni na chumvi.

"Mpe bibi yako mkononi," aliniambia. "Na umfungie wewe mwenyewe, maana yeye hajawahi kukitumia."

Nilikuwa napanda kwa ajili ya harusi. Binti wa jirani yake bibi, rafiki yangu wa likizo zote za utotoni, alikuwa anaolewa. Miezi kadhaa nyuma nilimwandikia barua ya majigambo: wewe usihangaike na veli, nitakuletea mimi, ya mjini. Nilitegemea fundi wangu angenipa kitambaa. Fundi hakunipa. Nikavuka mto kwa kivuko, nikapanda lori, na muda wote wa safari nilikuwa nimepakata lile furushi nikiwaza namna nitakavyomkabili bibi harusi mikono mitupu.

Nilipofika nilikuta mlima nisioujua. Hakukuwa na ukungu. Maharage yalitoa maua na kuyaangusha. Yale ya akiba, ambayo kwa kawaida hukaa mpaka msimu mwingine, yalikuwa yametobolewa na wadudu, na bibi alikuwa ameyatandaza kwenye mkeka akiyachambua moja moja. Watu wenyewe walikuwa wamechangamka. Wanawake walioga mtoni asubuhi wakicheka. Kwa kuwa hapakuwa na baridi, hakuna aliyekoka moto ndani wa kulala nao, na nyumba ambazo miaka yote zilijaa moshi zilikuwa safi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mama yako hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu."

Nikampa sabuni na chumvi. Furushi la chandarua lilikuwa kwenye begi langu, chini ya nguo. Bibi alinusa sabuni, akaiweka kando, kisha akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hakukupa kitu kingine?"

"Hapana bibi. Ni hivyo tu."

"Haya. Umshukuru sana."

Kesho yake, bibi alipokwenda shambani, nilikitoa kile chandarua. Nilifunga mlango. Nilijiambia kwamba hapa ni mlimani, mbu hao wachache watakufa baridi ikija wiki ijayo. Nilijiambia pia kwamba nitakata upande mmoja tu. Lakini chandarua kikishakatwa upande hakifai tena, na mimi nilijua hivyo mkasi ukiwa mkononi. Nilishona veli kwa sindano ya mkono siku mbili, nikaweka mikunjo kichwani na utepe pembeni. Vipande vilivyobaki nilivichoma jikoni.

Harusi ilipendeza. Rafiki yangu alitembea katikati ya kanisa akiwa amefunikwa uso, na nilisikia wanawake wakinong'ona nyuma yangu, wakiulizana ni nani aliyeshona. Nikanyoosha shingo. Tulipotoka nje bibi alimsogelea bibi harusi, akashika ncha ya veli kwa vidole viwili, akaisugua kidogo. "Kazi nzuri," alisema, akaniangalia. Nilifurahi. Ndiyo, nilifurahi sana.

Kama wiki mbili hivi baada ya harusi, bibi alirudi kutoka shambani mchana akasema kichwa kinamgonga. Jioni alikuwa amejifunika blanketi huku anatetemeka, kwenye joto lile. Mtoto yeyote wa Ifakara angeijua ile homa hata akiwa mlango wa pili. Mimi niliijua. Lakini kusema "malaria" kungeleta habari ya mbu, na habari ya mbu ingeleta habari nyingine. Kwa hiyo nikasema, "Ni uchovu wa harusi, bibi. Pumzika." Nikampikia uji. Kesho yake nikasema hivyo hivyo, na keshokutwa pia. Siku ya nne alianza kuniita kwa jina la dada yake aliyekufa, ndipo nikakimbilia majirani, wakambeba kwa machela mpaka zahanati.

Muuguzi hakushangaa. Alisema mwezi ule walikuwa wamepokea wagonjwa wa namna hiyo wengi kuliko walivyozoea, na wazee ndio walioumia zaidi, kwa kuwa miili yao haikuwa imeizoea homa ile. Kisha akaniuliza, "Ameanza lini?"

"Jana," nikasema.

Mama alipata habari, akaja na lori la kwanza. Siku mbili hakula. Siku ya tatu bibi alifumbua macho akaomba maji, na mama alipokwisha kulia alianza kufoka, kama wafanyavyo watu waliookoka na hofu.

"Mama, chandarua nilichokutumia kiko wapi? Nimekwenda nyumbani, kitanda kitupu!"

Nilikuwa nimesimama na bakuli la uji mkononi.

"Nilimpa bibi harusi," bibi alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Maskini, hakuwa na cha kujifunika."

"Mama! Kitu nilichokununulia wewe!"

"Basi, nimeshampa."

Hakuniangalia. Mama alinigeukia mimi. "Na wewe ulikuwepo, ukamwacha?" Nikasema bibi hasikii la mtu. Hayo ndiyo maneno niliyosema, mbele yake.

Baadaye nilielewa kwamba alijua tangu mwanzo. Mama alitanguliza salamu kwa mama mmoja aliyepanda kabla yangu, kwamba chandarua kinakuja. Bibi alikuwa akikisubiri. Mama alipotoka kwenda kutafuta maziwa, nilipiga magoti kando ya kitanda nikajaribu kusema kitu, nikalia badala yake. Bibi aliniacha nilie kwa muda.

"Kitambaa hakikuniuma," alisema. "Ila nilikuuliza."

Alipona, lakini hakuwa yule. Sikio moja halikusikia tena, na kilimani kwenye shamba lake la maharage hakupanda tena. Mwaka uliofuata ukungu ulirudi kama kawaida, watu wakavaa makoti, na ule mwaka wa joto ukawa wa kusimuliwa.

Alifariki miaka michache baadaye. Kwenye mazishi mama alisimama kutoa shukrani, akasimulia jinsi mama yake alivyokuwa mtu wa kutoa, hata chandarua chake alimpa binti wa watu aolewe kwa heshima, akaugua yeye. Watu waliguna kwa huruma. Rafiki yangu, sasa mama wa watoto wawili, alilia kwa sauti. Nami nilikuwa pale mstari wa mbele, nimeinamisha kichwa, watu wakadhani ni majonzi.

Nilikuwa nimeshaungama kwa padri zamani, nikapewa sala za kusali. Kwa mama nilichelewa zaidi. Nilimwambia mchana mmoja tukipepeta mchele uani kwetu Ifakara, yote, pamoja na zile siku tatu za uji. Ungo ulisimama mikononi mwake. Nilisubiri matusi, au kilio.

"Nani mwingine anajua?" aliuliza hatimaye.

"Hakuna."

"Basi usiwaambie wadogo zako. Waache waendelee kumsifu mama yangu."

Akaendelea kupepeta. Hakunigusa siku ile, na sikumlaumu.