Sinia la Nyumba Nne

Mimi huchoka nikikumbuka tu. Tulikuwa nyumba nne ndani ya ua mmoja wa matete, mtaa wa Lemon Gaba, Juba, miaka ile ya amani mpya, kila mtu amerudi na mizigo yake ya uhamishoni. Mimi nilitoka Kenya, nikapata kazi ya ualimu ambayo mshahara wake ulikuja ulipopenda wenyewe. Jirani yangu wa mlango wa kushoto, mjane, alitoka Uganda. Alivunja mawe mlimani, maana Juba nzima ilikuwa inajenga na kokoto ilitakiwa. Nyumba ya tatu ilikuwa ya mwanajeshi wa kambi ya Bilpam na mkewe, na ya nne ya dereva na mkewe.

Choo kilikuwa kimoja, na jiko moja chini ya rakuba, kibanda cha nyasi kisicho na kuta. Tukakubaliana tupike kwa zamu, kila nyumba na siku yake, wote tule sinia moja. Leo maharagwe, kesho mboga za kunde zilizoungwa kwa karanga, keshokutwa maharagwe tena. Tulikuwa hoi kila jioni, lakini tulicheka, jamani, na tulishiba.

Kisha dereva akapata kazi kwenye shirika la wageni. Siku ya mkewe ilikuwa Jumatano. Jumatano ya kwanza, kuku. Ya pili, kuku na wali, na soda za watoto. Wala hakuwa na majivuno yule mama, na hilo ndilo lililonichosha. Angejivuna ningemchukia nikapumzika! "Kuleni, kuleni," anasema, huku anakusogezea paja. Mke wa mwanajeshi naye akaanza kutafuta nyama kwa siku yake. Mimi nikauza kitenge kimoja, halafu cha pili, ili Ijumaa yangu nayo iwe na samaki.

Mjane hakuwa na cha kuuza. Alhamisi yake ilifuata kuku moja kwa moja, na watoto, ambao tumbo lao halina adabu, wakauliza, "Leo mboga tena?" Akacheka nao. Jumatano iliyofuata hakutoka chumbani. Nikamgongea.

"Mimi iko na maombi leo, dada. Mimi nafunga. Kuleni tu nyinyi."

Basi Jumatano zote zikawa za maombi, kisha na siku za nyama ya mwanajeshi. Nani hakuelewa? Hakutaka kula asichoweza kurudisha. Wanasema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Sawa, lakini na anayepokea kila siku ana moyo pia, na moyo huo hakuna aliyeuliza habari zake.

Mke wa dereva alimwonea huruma kweli. Akamfuata mbele yetu sote, akamshika mkono. "Dada, zamu yako tutagawana sisi. Usijisumbue kupika. Wewe njoo ule tu."

Mjane akatazama vidole vyake vilivyopasuka kwa mawe. "Shukran," akasema.

Jumamosi alifunga mkeka na sufuria yake akaenda Nesitu, kwa dada yake, ambako malori husimama na watu hununua chakula. Nilimsindikiza hadi barabarani. Nilikuwa na hasira, na sikujua nimkasirikie nani. Kuku? "Malesh," aliniambia, yaani basi, yaishe. "Huko mimi napika."

Tukabaki nyumba tatu. Mshahara ukakaa, ukakaa, na vitenge vikaisha. Ijumaa moja nikapika mboga za karanga, vilevile alivyokuwa akipika yeye, na Mungu anajua zilikuwa tamu. "Mboga tena?" wakauliza watoto. Nikacheka nao.

Jumatano nilibaki chumbani, harufu ya kuku ikipita chini ya mlango. Nilikuwa na njaa, si mchezo. Mke wa dereva akagonga.

"Leo nafunga, dada," nikamjibu.

Akaingia hata hivyo, akaketi kitandani pangu, akanishika mkono. Macho yake yalikuwa na machozi, maskini.

"Dada, mbona unajitesa? Usipike tena. Wewe njoo ule tu."

Nikasema asante. Alipotoka, nikaanza kukunja mkeka.