Nimenunua Tairi, Baiskeli Sina

Jamani, leo nimenunua tairi la baiskeli, na kwetu hakuna baiskeli.

Ngojeni kwanza, msicheke.

Asubuhi nimepita duka la kijiji hapa Mzenga, nikakuta foleni. Siku hizi vitu vimeadimika, ukikuta foleni unaingia kwanza, unauliza baadaye.

"Wanauza nini?" nikamuuliza dada aliye mbele yangu.

"Sijui, lakini si unaona ilivyo ndefu?"

Nikabaki. Pesa ya korosho ninayo, ila ikilala ndani inachakaa. Mwaka jana ingenunua doti mbili za khanga. Mwaka huu moja, tena uione kwanza! Na binti yetu aliyewekwa ndani anatolewa mwali wiki ijayo, hana khanga ya kutokea.

Nafika mbele, yamebaki matairi tu.

"Unachukua, huchukui?"

Nikachukua. Nyie mngeacha?

Nyumbani mume wangu kacheka mpaka kakaa chini. "Mama Zuhura, hilo mwali atalivaa shingoni?"

Hajamaliza kucheka, hodi! Mwalimu wa shule yetu, anakokota baiskeli, tairi la nyuma kalifunga kamba. Habari zimemfikia njiani. Pesa yake nimeikataa. Nikamuuliza, "Mkeo ana nini sandukuni?"

Karudi na doti ya khanga, mpya, haijakatwa!

Sasa namtafuta mume wangu nimuoneshe, simuoni. Kumbe yuko dukani, anaweka jiwe kushika nafasi ya foleni ya kesho.

"Wanaleta nini, Baba Zuhura?"

"Sijui. Lakini mimi ni wa kwanza."