Sindano Tatu za Mfua Mashuka

Furushi la mashuka kutoka wodi ya upasuaji linamwagwa mezani, na Mama Povu anarudi nyuma kama aliyeona nyoka. Amefua mashuka ya hospitali hii miaka kumi na saba. Leo anayaogopa.

"Zamani nilikuwa natumbukiza mikono mitupu," anasema, akivuta glavu nene hadi kwenye kiwiko. "Tuliambiana glavu zinaziba hisia za vidole. Sindano ikisahaulika kwenye shuka, mkono mtupu utaigundua mapema."

Haukuigundua. Mara tatu alichomwa, mara tatu akakimbilia chumba cha dharura na kudungwa sindano begani. Kila aliporudi aliwatambia wenzake: chanjo anazo zote, ini lake ni la chuma.

Alitamba hivyo hadi mwaka huu, macho ya mpiga pasi wao yalipogeuka manjano na tumbo likamfura. Walimzika kabla mwezi haujaisha. Ndipo uongozi ukazinduka na kuagiza wafanyakazi wote wapimwe homa ya ini aina B.

Mama Povu alikwenda kuchukua majibu kwa maringo yake yote.

"Mie nishachanjwa, mwanangu. Mara tatu."

"Wapi, mama?" muuguzi akauliza.

"Si hapo dharura, kila nikichomwa!"

Muuguzi alishusha pumzi. "Mama, ile ni ya pepopunda. Ya ini hujawahi kupewa. Na virusi unavyo."

"Nilimbishia," anasimulia. "Siumwi popote! Nakula, nacheka, nabeba mafurushi. Kumbe nimeishi na adui ndani kwa ndani."

Inatia uchungu. Madaktari na wauguzi walichanjwa zamani, lakini wafuaji, wanaoshika damu ile ile, hakuna aliyewakumbuka. Sasa chanjo haimsaidii tena. Atapimwa ini kila baada ya miezi sita, na likianza kuharibika ataanzishiwa dawa.

Lakini pale kitini mbele ya muuguzi hakujililia yeye. Alimlilia bintiye, mtoto wake wa pekee, aliyemtafutia kazi kwenye meza hiyo hiyo ya mashuka majuzi tu.

"Mimi ndiye niliyemfundisha kufanya kazi kwa mikono mitupu. Nikamwambia, ukichomwa usijali, dharura watakupa ya ini. Mzazi gani huyo?"

Na binti alikuwa ameshachomwa mara moja.

Kusubiri majibu yake kulimkondesha Mama Povu. Majibu yakaja: binti hana virusi. Kinga pia hana, hata chembe. Atapimwa tena baadaye, ila chanjo ianze mara moja.

Msimamizi wa wafuaji alitaka wasubiri, kwani mashuka yamerundikana.

"Yarundikane hadi darini," Mama Povu akamjibu. "Huyu hagusi shuka chafu mpaka amalize dozi zote tatu. Na wafuaji wengine wote nitawaleta mwenyewe, mmoja mmoja, hata kwa kuburuta."

Wanaingia chumba cha chanjo pamoja. Binti, mwoga wa sindano tangu utotoni, anaanza kurudi mlangoni.

"Mama, tuje kesho basi."

"Kesho ndiyo iliyoniponza mimi?" Mama Povu anamkumbatia kwa nguvu, machozi yakimtoka yeye kwanza. "Hapana, kilichoniponza ni kutouliza. Muulize muuguzi hiyo ni sindano ya nini. Muulize kwa sauti, nami nisikie."