Kisanduku Kilichomngoja Mgeni wa Heshima

Mwezi uliopita nilitoka Kanyangi mbio na mtoto mgongoni, hajadungwa sindano ya surua na surua ilikuwa imeshaingia kwa jirani, nikafika kliniki moja mjini Kitui nikihema. Karani hakuinua hata macho.

"Kompyuta imejaa, mama. Na mtoto asiyeandikwa hadungwi sindano."

"Imejaa nini?"

"Majina. Lakini tumeletewa diski ya nje ya kuiongezea nafasi." Akanionyesha kisanduku cha chuma mezani, waya wake umekunjwa vizuri, kimefungwa utepe mwekundu kama keki ya arusi. "Kinamngoja mheshimiwa aje akifungue rasmi, na pasta akiombee."

Maneno yakanitoka yenyewe: "Na surua, nayo imeambiwa imngoje mheshimiwa?"

Foleni nzima ikacheka. Muuguzi mmoja hakucheka. Alichukua mkasi wa kukatia bendeji, akaniwekea mkononi. "Kata, mwaitu, mama yetu. Leo mgeni wa heshima ni wewe."

Nikakata. Kina mama wakapiga makofi, karani akachomeka waya kwa uso wa mtu anayefutwa kazi, na mtoto wangu akaandikwa, akadungwa, akalia vizuri kabisa.

Msomaji, mheshimiwa alikuja juzi. Walikichomoa kisanduku, wakakifunga utepe mpya, na kina mama waliofika na watoto siku hiyo wakaambiwa wakae wangoje, kompyuta itakuwa imejaa mpaka hotuba ziishe.