Tiara ya Mtumba

Sogeeni karibu, wanangu, na hiyo redio izimeni kwanza, maana nimekasirika.

Wiki iliyopita nikisubiri mzigo wangu kwenye kaunta ya vifurushi pale stendi, kijana mmoja wa mtaa wa Ipuli alifungua mzigo wake kutoka Zanzibar: ubao na tiara kubwa ya kitambaa, ile inayomvuta mtu juu ya maji. Jumamosi angekwenda kujifunza bwawani, peke yake.

"Shikamoo bibi. Ni mtumba, ila muuzaji kasema imetumika mara mbili tu."

"Marahaba. Uliiona kwa macho?"

"Kwenye picha."

Nikaiinua kwenye mwanga, kama tunavyochagua mashuka mnadani. Mshono umeoza, kidole kikapita. Nikavuta kamba, ikakatika.

"Na upepo ukikuzidi, unajinasuaje?"

Akageuzageuza mkanda. "Hapa palikuwa na kitu cha kufyatulia, bibi. Kimeng'olewa."

"Shati la mtumba unalivuta mpaka mshono ulie, baba! Hiki cha kubeba roho yako hukukigusa?"

Akaufunga mzigo. Jumamosi hakwenda bwawani, aliuleta kwangu. Kitambaa nimekirithi mimi, naanikia mpunga. Ubao ni mlango wa banda la kuku la mama yake. Yeye kabaki na uhai wake, na jana nimemkuta anachagua tiara nyingine kwenye simu, kwa picha tena.