Mita Sabini na Moja za Gudny

Gudny, mtoto wa dada yangu, alikuwa dereva wa lori la maziwa, na tangu ana miaka sita bondeni kwetu hakuna kilima cha kuruka kwa skii, zile mbao ndefu za kutelezea thelujini, ambacho hakukiruka. Lakini mashindanoni mwanamke haingii. Kazi yake ilikuwa kuruka kwanza, ya majaribio, waamuzi wajue njia ina kasi gani. Akipita mita sitini na tisa, pa kuanzia panashushwa kupunguza kasi, wanaume wasije wakatua kwenye tambarare kule chini wakavunjika. Kumzuia mwanamke kushindana, upuuzi gani huo, sijui.

Rekodi ya kilima, sitini na nane, ilikuwa ya baba yake, Oddvar. Mwaka ule mwenyekiti wa klabu alikubali shingo upande kwamba Gudny akiivunja, jina lake litaandikwa ukutani pale klabuni badala ya la baba yake. Hilo tu ndilo alilolitaka maishani.

Jumapili hiyo ya Februari mimi na Oddvar tulikuwa wapimaji wa umbali, tumesimama kando ya mteremko. Waamuzi juu mnarani hutegemea neno la mpimaji. Gudny akaruka, akakaa hewani muda mrefu, akatua mbele yetu kwenye alama ya sabini na moja.

"Sitini na sita," Oddvar akapaza sauti.

Nilipigwa na butwaa. "Shemeji, umepofuka?"

"Nyamaza, Arvid. Unataka binti yangu mwenyewe anifute ukutani?"

Nikanyamaza. Mimi, mtu mzima na ndevu zangu, nikanyamaza.

Pa kuanzia hapakushushwa. Wa kwanza kuruka alikuwa Steinar, tarishi wetu, mwenzake Gudny wa mazoezi. Akapita sabini, akapita na sabini na tatu, akatua kwenye tambarare. Mguu ulivyovunjika niliusikia kwa masikio yangu haya.

Gudny alikuja mbio, akapiga magoti, akamshika Steinar kichwa. Kisha akatazama alama pale kwenye theluji, akanigeukia.

"Mjomba, ulikuwa umesimama hapa. Mimi nilifika ngapi?"

Oddvar alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Sabini na moja," nikasema kwa nguvu, umati mzima ukasikia. Nilidhani nimempa haki yake. Nilidhani atamgeukia baba yake.

Hakumgeukia. Aliniangalia mimi.

"Kwa hiyo ulijua," akasema, "na ukamwacha Steinar aruke."